Tupeane uzoefu: taarifa za utafiti huku Kusini mlizipata wapi?

MtuWaMikindani: Wakuu, shikamooni. Naandika juu ya reli ya Mtwara–Nachingwea, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Msimamizi kanirudishia sura ya pili, eti nimejaza tovuti tupu. Mliopita njia hii mlianzia wapi?

BintiLiwale: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar. Majalada ya mkoloni yako kule. Mimi nilifuatilia Maji Maji. Ya Mjerumani yana mwandiko wa kizamani, hata anayejua Kijerumani anahangaika. Na aliyeandika ni bwana mkubwa: anahesabu waasi waliouawa. Bibi zetu wanasimulia njaa iliyofuata. Ila mdogo wangu, angalia: mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokusanya simulizi, bado walikuwepo wazee walioiona vita. Leo mzee anakupa alichoambiwa na babu yake. Usimwandike kama shahidi. Wewe una bahati, wa reli yako bado unaweza kuwapata hai.

KoroshoGhafi: Mimi nilikuwa na takwimu za mnada wa korosho, safi kabisa, zimepangwa msimu kwa msimu. Nikaenda Tandahimba, wakulima wakataja bei ya chini. Nilidhani wananificha. Kumbe mnada unataja bei kabla ya makato, mkulima anataja kilichoingia mfukoni. Wote wakweli! Tasnifu yangu ikageuka, ikawa juu ya hayo makato.

Masasi_Mjini: Bando tu jamani 😂

KoroshoGhafi: Bando lenyewe litumie vizuri. Makala ikidai dola, tafuta kichwa chake Google Scholar, ubofye matoleo mengine. Mara nyingi mwandishi kaiweka bure kwingine. Na muulize mkutubi kama chuo kimo Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu. Wengi wanamaliza shahada hawajaongea na mkutubi.

BintiLiwale: Magazeti ya zamani na ripoti za serikali ya kikoloni, nenda East Africana, sehemu ya machapisho ya Afrika Mashariki ndani ya maktaba ya UDSM. Beba barua ya chuo. Huku nako kabla ya kuhoji mtu pitia halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji, la sivyo utaitwa mpelelezi. Na usije Oktoba, watu wako mikoroshoni.

MtuWaMikindani: Asante dada. Mwenye babu aliyefanya kazi kwenye reli ile, Mtwara au Nachingwea, anitumie ujumbe.