Nimeuziwa ripoti ya rangi tupu: wavu mbovu wa uga wa sumaku umeniharibia jenereta ya mteja

Wakuu, naomba mnisome hadi mwisho. Hasira hii nimekaa nayo tangu wiki ya juzi na sasa imenifika kooni.

Mimi ni fundi wa mota hapa Katwe, Kampala. Kusuka koili ndiyo kazi iliyonilea. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka milima ya Kasese, alinijia karakana akitaka jenereta ndogo ya kufunga kwenye kijito chake: taa za nyumba tatu na kinu cha mahindi. Aliuza fahali kupata malipo ya awali. Kwa sababu ya fahali huyo nikasema safari hii sikisii, natumia hesabu. Nikaenda kwenye ofisi moja ya ushauri mjini nikalipa shilingi 1,800,000 wanipigie hesabu ya uga wa sumaku kwa kompyuta, kwa ile mbinu ya elementi finaiti. Unachora jenereta, unaikatakata vipande vya pembetatu hadi inafanana na wavu wa samaki, halafu kompyuta inatafuta nguvu ya sumaku ndani ya kila kipande.

Nikapewa kitabu cha kurasa 46. Karatasi nzito inayong'aa, picha za bluu, kijani na nyekundu kila ukurasa. Mwanya wa hewa kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata (sehemu iliyotulia inayobeba koili): tesla 0.85, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Volti: 240. Wakashauri nipunguze meno ya stata, yale ya chuma yanayosimama kati ya koili, kutoka upana wa milimita 8 hadi 5 ili shaba ipate nafasi. Nikatii. Mabati ya silikoni, yaani ya chuma kilichochanganywa na silikoni, yakakatwa, sumaku za neodimia zikagandishwa kwenye rota, koili nikazisuka kwa mikono yangu siku nne.

Tukaizungusha kwa leithi, kasi ileile iliyoandikwa, bila mzigo wowote. Multimita ikasoma 168. Na shafti, ambayo kitabu kilisema itageuka kwa vidole viwili, inakwama kila sumaku inapofika kwenye jino. Tak, tak, tak. Kijana wangu ilibidi aishike kwa spana ya bomba ndipo izunguke.

Sasa tazameni ukurasa wa 31. Katikati ya jino kuna nyekundu, na kwenye kipimo cha rangi pembeni nyekundu ni 2.7. Tesla 2.7 ndani ya bati la silikoni! Hili halihitaji hata kompyuta. Meno yangu yamepangana kila milimita 16, jino lenyewe lina 5, kwa hiyo sumaku yote inayoingia kwa upana wa 16 inabanwa ipite kwenye 5. Zidisha 0.85 kwa 16, gawa kwa 5, unapata 2.72. Bati hili linaanza kushiba, yaani kushindwa kubeba sumaku zaidi, karibu na tesla 1.5, na likifika 2 limeshiba kabisa. Sumaku ya ziada inalipita kama maji kwenye shamba lililolowa. Kumbe waliiingizia kompyuta chuma chenye namba moja tu ya upenyezaji (wepesi wa kupitisha sumaku), 4,000, bila mkunjo wa kushiba, ule mchoro unaoonyesha chuma kinavyolemewa sumaku ikizidi. Chuma kisichoshiba! Kisha wakaniambia nikate meno yawe membamba zaidi. Mtu aliyepitia darasa la umeme aliiona 2.7 akaipigia muhuri.

Nikaomba faili la wavu. Wakasema ni mali ya ofisi. Nimewasumbua wiki mbili ndipo wakanitumia picha moja, nikaivuta kwenye simu. Mwanya wangu wa milimita 1.5 una safu moja ya pembetatu. Moja! Tena ndefu, nyembamba, zimelala kama nyembe.

Kwa asiyelijua jambo hili: katika pembetatu ya kawaida kompyuta inatafuta thamani kwenye pembe tatu, inazinyoosha kati ya pembe na pembe, kwa hiyo nguvu ya sumaku inayotokea ni namba ileile kwa pembetatu nzima. Ukiweka safu moja, ni sawa na kupima mteremko wa Rwenzori kwa kamba moja iliyovutwa kutoka Kasese mjini hadi kilele cha Margherita. Mabonde yote umeyaruka. Na nguvu ya kuzungusha au kukwamisha shafti inakokotolewa hapohapo kwenye mwanya, siyo kwingine. Wao waliandika nguvu ya kukwama ni nyutoni-mita 0.2 tu (nyutoni-mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Hata sanduku la nje la hesabu, mpaka ambapo kompyuta inaishia kuhesabu, wamelibandika kwenye ganda la stata, sumaku haina pa kuvujia.

Nikaamua kurudia mwenyewe. FEMM ni programu ya bure ya hesabu hizihizi, aliiandika David Meeker, na ndani yake pembetatu zinakatwa na programu ya Jonathan Shewchuk iitwayo Triangle. Inaenda hata kwenye laptopu yangu kuukuu. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule, nikaanza upya. Nikaingiza chuma chenye mkunjo wake, nikasogeza sanduku mbali, mwanya nikaupa pembetatu za milimita 0.3 ili zipatikane safu tano. Halafu nikazidi kupunguza ukubwa na kuhesabu upya, maana jibu linalobadilika kila ukikaza wavu bado si jibu. Nguvu ya kukwama ilitoka 1.1, ikaja 1.7, ikaja 1.8, ikabaki 1.8. Mwanya: tesla 0.62. Volti: 175. Multimita yangu ilisoma 168, na zile 7 naweza kuzieleza, FEMM inahesabu kwa ubapa, haioni sumaku inayovuja kwenye ncha za stata. Nilikaa nikiitazama ile 175 hadi alfajiri. Ilikuwepo muda wote, kwa yeyote ambaye angejali kuitafuta.

Wala si elimu ngeni. Mtafiti Alan Winslow alichapisha hesabu ya pembetatu kwa chuma kinachoshiba mwaka 1966. Watafiti Silvester na Chari wakaileta kwenye mashine za umeme kuanzia 1970. Nchi inayotoa umeme kwenye maji ya Nile pale Jinja tangu 1954 bado inauziwa picha!

Walionipa kitabu nimewaandikia barua: nataka fedha yangu, na nataka waseme kwa maandishi ni chuma gani waliingiza. Hawajajibu. Na nyinyi mnaolipia kazi hizi, msipokee kitabu bila faili la wavu na mkunjo wa chuma, na waulizeni jibu lilikuwaje walipokaza wavu mara ya pili. Wakikwepa swali hilo, shikeni pesa zenu.

Stata mpya inakatwa wiki hii, meno ya 8, gharama ni yangu. Ijumaa mzee anashuka kwa basi kutoka Kasese kuja kuiona ikizunguka. Faili langu la FEMM nimeliambatanisha hapa chini. Anzeni kukagua mwanya, na anayeona pembetatu mbaya aniambie kabla ya Alhamisi, koili bado sijaziingiza.