Mpaka mtoto aibe ndipo tumkumbuke? Tujadili

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari za jioni.

Tangu lile wimbi la Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, la Septemba 2022 hapa Dar, kila vijana wakipora mahali tunarudi kwenye kambi zetu mbili. Wapo wanaotaka kamatakamata, na wazazi nao wawekwe ndani. Wapo wanaosema wapeni mikopo waache uhuni. Mimi naona kambi zote mbili zinamsubiri mtoto aharibike kwanza.

Chukua hiyo mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, haina riba. Ni jambo jema, naliunga mkono. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana, ikarejea 2024. Lakini ili uombe, sharti uwe umetimiza miaka 18 na uwe kwenye kikundi. Sasa huyu aliyemaliza la saba na miaka 14, sekondari hakwenda, ana miaka minne ya kukaa mtaani kabla hajaruhusiwa kuomba mkopo huo. Miaka hiyo minne analelewa na kijiwe. Ataanza na vyuma chakavu, kisha atatumwatumwa na wakubwa, na siku moja tutamkuta na panga.

Hoja yangu: fedha na nguvu ziende kwa watoto wa miaka 10 hadi 17, wote wa mtaa, bila kuchambua nani mkorofi nani mtulivu.

Mchangiaji 1:
Mkuu, nia nzuri, lakini fedha zenyewe ziko wapi? Kama ni kidogo, wapewe walio kwenye hatari. Huwezi kumlea kila mtoto wa Temeke.

Mwanzisha mada:
Hapo ndipo tunapopishana. Nani atawatambua hao walio kwenye hatari? Mjumbe ataleta majina, na jina likishaandikwa limeandikwa. Mtaa mzima utawaita "wale wa programu ya vibaka", na hakuna mama atakayempeleka wake huko. Halafu yule mtulivu anayeuza maji barabarani na hajawahi kugusa cha mtu anajifunza nini? Kwamba anayeiba ndiye anayepewa cherehani.

Tazameni Mathare, Nairobi. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa huko, ilianza 1987, watoto wa mtaa wakicheza mpira na kusafisha mitaro. Haikuuliza nani mwizi. Timu inapata pointi za ligi kwa kuzoa taka, si kwa mabao peke yake, na vijana wenyewe wanachaguana kuongoza. Baadaye wasichana wakaingia na ligi zao. Kutoka humo ikatoka Mathare United, ikabeba ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Mchangiaji 2:
Mimi ni mama. Mwanangu kacheza ndondo mpaka kafika miaka 22. Kapata nini? Goti bovu. Mpira haulipi kodi ya chumba, baba.

Mwanzisha mada:
Pole sana mama, na hapo siwezi kukubishia. Mpira peke yake ni kupoteza jioni za watoto. Ninachokitetea ni dhamana, yaani mtoto akabidhiwe kitu ambacho akikiharibu wenzake wataumia.

Nawapa mfano wa kwangu. Nasimamia watoto jioni kwenye kiwanja kimoja huku Manzese. Mmoja, miaka 14, alikuja na sifa mbaya: akipita yeye, ndala zinapotea. Nilimpa ufunguo wa stoo ya mipira na daftari. Wenzangu walinigombeza kweli. Wiki ya kwanza alikuja saa kumi kasoro, kabla ya kila mtu, ufunguo kaufunga kwenye kamba ya kiatu shingoni. Daftari aliandika hivi: "mipira 6, mmoja unavuja, koni 11, moja kaichukua Baba Asha kuzibia tundu la kuku." Alimfuata Baba Asha mpaka koni ikarudi.

Nilikwenda ofisi moja kuulizia namna ya kumuunganisha na ufundi. Nikaambiwa arudi akifika 18. Nikauliza, hii miaka minne akae wapi? Yule bwana alinyanyua mabega tu akaita anayefuata.

Mchangiaji 1:
Na wale waliokwisha shika panga? Hao tuwaache?

Mwanzisha mada:
Hapana. Aliyejeruhi mtu ajibu mahakamani, na akitoka apate fundi wa kumpokea. Ila bajeti ya hao isiwe ndiyo bajeti pekee ya vijana. Leta hoja yako tuilinganishe, na kama uko Dar, njoo kesho saa kumi jioni. Ufunguo bado anao yeye, muombe akufungulie stoo, na ujiandae kutia saini kwenye daftari lake.