Beringi ya nyuma, Impreza WRX (GDA): mlio umerudi baada ya kilomita 900

kimya_cha_boksa:

Wakuu, salaam. Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004 (chesi ya GDA), gia za mkono, rimu inchi 17. Nyuma kulia kulikuwa na mvumo unaoanza kwenye 60 km/h na kupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Gereji wakabadilisha beringi, gari likatulia, lakini baada ya kilomita kama 900 mvumo uko palepale. Nikilipiga jeki na kuitikisa tairi, haichezi hata kidogo.

Je, beringi mpya inaweza kufa haraka hivyo, au nitafute kwingine? Ni lazima nako (kile chuma kinachoshika beringi) yote ishuke ipelekwe kwenye presi, au kazi inafanyika humohumo kwenye gari? Na habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) nayo ibadilishwe? Nyuma kuna spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) za mm 20, kama zinahusika.

nati32:

Inakufa haraka, tena sana, na mara nyingi kosa ni la presi. Ila usinunue nyingine kabla hujathibitisha. Kutocheza kwa tairi hakumaanishi beringi ni nzima. Beringi hizi za gololi safu mbili huanza kulia mapema mno kabla ya kulegea.

Barabarani, ukiwa 80 hivi, yumbisha usukani taratibu. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, kwa hiyo mvumo ukizidi hapo, shuku upande wa kulia. Usipobadilika kabisa, pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, mbele halafu nyuma. Ukihisi meno ya msumeno, hamisha tairi za nyuma ziende mbele. Mlio ukihama nazo, beringi haina kosa. Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta ni wa difu.

Kisha nyanyua tairi zote mbili za nyuma kwenye stendi, weka kabari mbele, gia frii, breki ya mkono iachie. Shika springi kwa mkono mmoja, zungusha tairi kwa mwingine. Beringi mbovu utaisikia kwenye springi kama mchanga unasagwa, hata kama sikio halisikii kitu. Linganisha na upande wa pili. Na tafadhali, usiwashe injini ukaingiza gia wakati tairi za mbele ziko chini. Hili ni gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, litaruka kutoka kwenye stendi.

presi_tani20:

Niongezee kwa nini zinakufa, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea.

Beringi ya GDA inakazwa ndani ya nako, na habu inakazwa ndani ya beringi. Ni migandamizo miwili, na kila mmoja una ringi yake. Unapoingiza beringi kwenye nako, sukuma ringi ya NJE tu. Unapoingiza habu, ringi ya NDANI lazima iegemezwe kwa chini na kipande cha bomba nene kinachoigusa yenyewe tu. Fundi akiiegemeza nako badala ya ringi ya ndani, tani zote zinapita kwenye gololi. Kila gololi inachimba kidimbwi kidogo kwenye njia yake. Mkononi beringi inazunguka vizuri, siku ya kwanza kimya, halafu vidimbwi vinaanza kuliwa na mvumo unarudi. Kilomita 900 zinaendana kabisa na kosa hilo.

Utaratibu unaofaa: nati ya shafti (soketi ya 32) imepondwa kwenye mfereji ili isifunguke, kwa hiyo inua ule mdomo kwa patasi kwanza, la sivyo utachana uzi. Ilegeze gari likiwa chini, mtu akikanyaga breki. Halafu stendi, kalipa uitundike kwa waya (isining'inie kwa hosi), diski itoke. Diski ikigoma, ina matundu mawili yenye uzi: weka bolti za M8 na ukaze kwa zamu. Sensa ya ABS itoe mapema kabla nyundo haijaanza kazi.

Habu ikivutwa, karibu kila mara ringi ya ndani ya beringi ya zamani itabaki imeng'ang'ania. Ikate kwa grainda kimshazari, robo tatu ya unene wake, kisha piga patasi kwenye mkato, itapasuka yenyewe. Usikate mpaka mwisho, utaumiza habu.

Ndani ya nako kuna klipu, nayo lazima itoke kabla ya presi. Watu huisahau kisha wanashangaa kwa nini tani 20 hazitoshi. Safisha tundu kwa msasa laini, lipake mafuta kidogo. Beringi ikae friza usiku kucha, nako uipashe moto hadi kama nyuzi 100, na itaingia kwa nguvu kidogo sana. Beringi inakuja na grisi yake, usiioshe. Grisi weka kwenye midomo ya sili tu, na sili zote ziwe mpya.

Ringi ya nje ya beringi ya zamani usiitupe. Ipunguze kidogo kwa grainda upande wa nje ili isikwame, tayari una kifaa cha kusukumia chenye kipimo sahihi.

mzee_wa_patasi:

Mkuu presi_tani20 kasema vizuri, lakini mimi siungi mkono kushusha nako ya nyuma kwenye gari hili kama unaweza kukwepa. Kuna ile bolti ndefu inayopita chini ya nako na kushika lateral zote mbili (mikono ya pembeni inayoshika nako). Kwenye gari lililotoka maeneo ya theluji Japani, au lililokaa Mombasa au Tanga miaka kadhaa, hiyo bolti inashikana na bushi kwa kutu. Utaikata, utanunua bolti, utanunua na bushi.

Tumia kifaa cha skrubu, kile chenye vikombe na bolti nene ya katikati, kinavuta na kuingiza beringi nako ikiwa garini. Kinasukuma ringi sahihi kwa sababu vikombe vimetengenezwa hivyo. Kasoro yake ni kwamba lazima kianze kimenyooka. Beringi ikiingia imepinda hata milimita moja, acha, toa, anza upya.

Ukilazimika kushusha nako, usiguse bolti za ndani za lateral zenye kamu ya mviringo. Hizo ndizo zinaseti toe ya nyuma (kiasi tairi zinavyoelekea ndani au nje). Na bolti za bushi zikaze mwisho, gari likiwa limekaa kwenye tairi zake, la sivyo bushi zinabaki zimejikunja na kuchanika.

Habu: pitisha kucha pale ringi ya ndani inapokaa. Ukiona rangi ya bluu, au pameng'aa kwa ringi kuzungukia hapo, tupa. Ikiwa safi, irudishe.

kimya_cha_boksa:

Asanteni. Nimekumbuka kitu: nati walimalizia kuikaza gari likiwa limeshuka chini, kwa spana na bomba. Ina madhara?

nati32:

Inayo. Beringi hii ringi yake ya ndani ni vipande viwili, na nati ndiyo inayovibana pamoja kati ya habu na shafti. Kabla haijakazwa kwa kipimo, uzito wa gari usiikalie, wala gari lisisukumwe hata mita mbili. Nati mpya, tairi ikiwa hewani, mtu akanyage breki, ukaze kwa spana ya kipimo: kwa GDA ni kati ya Nm 186 na 220 kulingana na mwaka, kwa hiyo fuata kitabu cha mwongozo cha chesi yako. Bomba halina namba. Kisha ponda mdomo wa nati kwenye mfereji.

Ukiwa na geji ya saa, pima habu ikisukumwa ndani na nje: mwisho ni mm 0.05.

Spesa za mm 20 ni sawa na kushusha ofseti (umbali wa mm kutoka katikati ya rimu hadi inapofungwa kwenye habu) kutoka +53 hadi +33. Mkono wa nguvu unarefuka na beringi inalipa. Peke yake haiui kwa kilomita 900, lakini hakikisha zina ringi ya katikati ya mm 56.1. Isipokuwepo, rimu inabebwa na stadi tu, inatetema.

presi_tani20:

Kwa wenye Impreza za 2008 kuendelea, haya ya presi hayawahusu. Yao ni habu nzima yenye bolti nne, Nm 65 kila moja. Ringi ya sumaku ya ABS imo ndani yake, kwa hiyo isipitie karibu na nyundo wala vumbi la grainda.

Kuhusu kununua: NSK, NTN na Koyo ndizo za kutafuta, na ndizo zinazoigwa zaidi. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ya kwenye boksi. Maandishi yakifutika kwa kidole chenye petroli, rudisha.