Mapezi ya plaiwudi yanavuma na kufumuka pembeni: niyarekebishe au nihamie faiba tupu?

pua_ya_ubao aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaochonga mbao za mawimbi, zile za kusimama na kuteleza juu ya wimbi. Ubao ni wa futi 7, upana sm 54, unene sm 7. Ndani ni povu jeupe la chembechembe, lile la kufungashia friji. Nje ni kitambaa cha faiba cha gramu 200 kwa mita mraba, kilicholowanishwa kwa epoksi (rezini inayogandishwa kwa hadena), tabaka mbili juu na moja chini. Mapezi ya chini ya mkia ni matatu, ya plaiwudi ya mm 6 ya mafundi samani, kila moja shina mm 115 na kimo mm 115. Nimeyapaka epoksi mara tatu bila kitambaa, kisha nikayagandisha kwenye ubao.

Ubao ukishika kasi mapezi yanavuma, mtetemo unausikia hadi kwenye nyayo. Kingo za plaiwudi nazo zimeanza kufumuka, tabaka zinaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Tena ubao ni mzito kuondoka. Wimbi linapita chini yake hata ukipiga mikono mapema.

Vipimo: kona ya nyuma ya mapezi ya pembeni iko sm 28 kutoka mkiani, ya pezi la kati sm 9. Yale ya pembeni yako sm 3 kutoka ubavuni, na kutoka mstari wa kati hadi pezi ni sm 16. Mwelekeo niliupata kwa kuvuta uzi kutoka kila pezi hadi ncha ya pua. Yamesimama wima kabisa. Ukingo wa nyuma wa kila pezi una mm 3, nimeuacha bapa usije ukavunjika.

Ninayo rezini ya poliesta lita 2 na mati (faiba ya nyuzi fupi zisizofumwa) ya gramu 450 kutoka kwa fundi wa boti. Nitengeneze mapezi ya faiba tupu kwa hivyo, au haya yanatengenezeka?

---

fundi_randa alijibu:

Karibu mkuu. Umeweka vipimo vyote, kwa hiyo majibu yanapatikana.

Kuvuma kunatoka kwenye huo ukingo wa mm 3. Maji yakiacha ukingo bapa yanajiviringisha kwa zamu, mara kushoto mara kulia, na kila zamu inalisukuma pezi. Zamu hizo zikilingana na mtetemo wa asili wa pezi, linaimba. Punguza ukingo hadi mm 1.5, halafu ukate mshazari wa digrii 30 hadi 45 upande mmoja tu. Pande mbili zisipoachia maji mahali pamoja, ile zamu inavunjika. Hata propela za meli hukatwa hivyo zinapoimba. Tumia tupa, kisha msasa namba 120 uliofungwa kwenye kibao bapa. Hili unalifanya bila kung'oa pezi.

Ubao mzito kuondoka, hapo natuhumu uzi wako. Pezi liko sm 16 kutoka katikati na pua iko kama sm 180 mbele yake. Ukielekeza puani unapata karibu digrii 5, yaani mbele ya pezi imeingia ndani kuliko nyuma kwa mm 10 katika shina la mm 115. Kwa ubao wa mapezi matatu anza na mm 6, ambayo ni digrii 3. Uzi wa namna hiyo ukiuvuta unakutana na mstari wa kati kama mita 1.2 mbele ya pua, hewani. Mapezi yako sasa yanasukumana yenyewe kwa yenyewe muda wote ubao unapokwenda moja kwa moja, na nguvu ya wimbi inaishia hapo. Achana na uzi. Chora mstari wa kati kwa penseli, pima umbali wa ncha ya mbele ya shina na wa ncha ya nyuma, tofauti iwe mm 6 kila upande. Pande zikitofautiana hata mm 2 ubao utavuta upande mmoja.

Na umbo la pezi lenyewe hukulitaja. Ya pembeni yawe bapa upande wa ndani na yenye mgongo upande wa nje. La kati liwe na mgongo pande zote mbili. Sehemu nene iwe theluthi moja kutoka mbele, halafu ishuke taratibu hadi nyuma. Ukingo wa mbele uwe mviringo mdogo, usiwe kisu, kwa sababu kisu kinaachia maji ghafla ukikata kona.

Hapa plaiwudi ni mwalimu mzuri kuliko faiba. Chukua yenye tabaka tano. Ukiisugua mteremko, mistari ya gundi inajitokeza moja baada ya nyingine kama mistari ya kimo kwenye ramani ya mlima. Ikipinda kwa ulaini na kufuatana na ukingo, mteremko uko sawa. Mstari ukivimba kuelekea nyuma, hapo pana nundu. Ukirudi ndani, hapo umechimba bonde. Linganisha mistari ya pezi la kulia na la kushoto, utaona kwa macho kile ambacho rula haikuonyeshi.

---

omo_na_tezi alijibu:

Nakubaliana na fundi_randa, naongeza mawili.

Ya pembeni yasisimame wima. Yainamishe nje digrii 5. Kwa kimo cha mm 115 ncha inatoka nje mm 10 ukilinganisha na shina. Kata pembe hiyo kwenye kadibodi ngumu, iegemeze kwenye pezi wakati gundi inashika, na utumie kadibodi hiyo hiyo ukiigeuza kwa upande wa pili.

Kufumuka hakutibiki kwa kupaka. Rangi yoyote, hata epoksi, inakuwa nyembamba kabisa kwenye ukingo mkali, na ukigusa mchanga mara moja imepasuka. Maji yakiingia kwenye nyuzi za mbao yanapanda juu kama mafuta kwenye utambi. Dawa ni mbao isifike ukingoni kabisa.

Kata moyo wa plaiwudi ukiwa mdogo kuliko pezi kwa mm 7 kuzunguka, isipokuwa shina. Uchonge mteremko wake kwanza. Weka kipande cha kioo mezani, tandika karatasi ya nailoni, laza kitambaa kilicholowa epoksi, juu yake moyo. Sasa chomoa nyuzi ndefu kwenye ukingo wa kitambaa, zisokote ziwe kamba ya unene wa penseli, zichovye kwenye epoksi na uzizungushe pembeni mwa moyo mpaka pengo lijae. Funika kwa kitambaa kingine. Lengo ni tabaka mbili za gramu 200 kila upande, na moja ya ziada kutoka shina hadi nusu ya kimo, maana pezi huvunjikia shinani. Kitambaa kikiwa kimelowa vizuri weupe unapotea na unaona mistari ya mbao kama kupitia dirisha. Penye doa jeupe pana hewa, lisukume nje kwa kipande cha plastiki. Kesho yake kata umbo kamili ndani ya ile pete ya nyuzi na umalizie kingo. Pete utaiona inang'aa kuzunguka mbao, na msasa wowote utakaopita utakula faiba, mbao hautaigusa.

Gramu 200 za epoksi zinatosha mapezi matatu. Zichanganye gramu 100 mara mbili, kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Kuongeza hadena ili ikauke haraka kunaiacha laini milele. Kwa unyevu wetu wa pwani epoksi hutoa utando kama mafuta juu yake. Uoshe kwa maji na sponji kabla ya msasa, la sivyo tabaka linalofuata halishiki.

---

rezini_kavu alijibu:

Mkuu, kwenye poliesta na mati naomba usimame kwanza.

Poliesta inayeyusha povu la chembechembe. Tone moja kwenye kipande cha povu, subiri dakika chache, utaona shimo. Ubao wako una ngozi ya epoksi, lakini kitundu kidogo kama cha sindano kinatosha kuipitisha, na juu ya epoksi iliyokauka poliesta haishiki vizuri. Isiguse ubao huo kabisa.

Mati nayo usiilowanishe kwa epoksi. Nyuzi zake fupi zimeshikiliwa na gundi ambayo inalegezwa na poliesta; kwenye epoksi inabaki ngumu, mati haijipindi, hewa haitoki. Ukitumia mati kwa poliesta unapata bapa lililojaa rezini na nyuzi chache, zito na linalovunjika shinani. Kwa tangi la maji inafaa, kwa pezi hapana.

Ukitaka faiba tupu, poliesta unaweza kuitumia kutengeneza bapa mezani, mbali na ubao, ila kwa kitambaa cha kufumwa. Tabaka moja la gramu 200 likilazwa kwa mkono linatoa kama mm 0.2, hivyo pezi la mm 6 ni tabaka 30 hadi 32. Bapa la sm 40 kwa 40 litakula kitambaa cha kilo 1 na rezini ya kilo 1 na kidogo. Unapata seti ya mapezi matatu na mabaki ya majaribio. Kioo kipake nta ya gari mara nne, kila mara ukiing'arisha. Usilaze tabaka zote kwa mkupuo. Rezini inatoa joto inapoganda, na katika unene huo joto halina pa kutokea: bapa linageuka njano, linapasuka ndani, hata linatoa moshi. Laza nane, subiri zigande na kupoa, endelea. Zikiwa bado zinanata kidogo ndipo zinashikana vizuri na zinazofuata.

Kwenye nyuzijoto 30 weka kichocheo (kile cha kugandisha poliesta) asilimia 1, yaani gramu 1 kwa gramu 100. Rezini yako ikiwa imeuzwa na kopo tofauti la kobalti (ya kuharakisha kuganda), ichanganye kwanza ndani ya rezini yote, kichocheo baadaye. Kobalti na kichocheo zisikutane zenyewe hata tone; zinalipuka. Vaa miwani, kwa sababu kichocheo kikiingia jichoni kinapofusha. Kikiingia, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali. Vumbi la kusugua faiba nalo linahitaji barakoa ya vumbi, kitambaa cha pua hakitoshi. Sugua kwa maji, kwa msasa usioharibika majini.

---

pua_ya_ubao aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nitaanza na mshazari wa ukingo leo, halafu niyang'oe nitengeneze ya moyo wa mbao na pete ya nyuzi. Swali la mwisho: nikitaka kujaribu maumbo tofauti, kila mara nigandishe na kung'oa? Na pezi linalopinda linafaa?

---

fundi_randa alijibu:

Tengeneza sanduku la pezi. Lipe kila pezi ulimi wa mm 20 chini ya shina, mwisho wake wa nyuma ukatwe mshazari ili uingie chini ya mdomo wa sanduku, na kona ya mbele ikatwe digrii 45. Zungushia ulimi selotepu ya kahawia ya maboksi mara mbili. Epoksi haiigandi, na unene wake ndio nafasi ya pezi kuingia bila kubana. Mbele ya ulimi weka kibao cha mm 10 kilichofungwa selotepu hiyo hiyo. Zungushia vyote tabaka nne za kitambaa. Ikikauka toa kibao kwanza, pezi linateleza mbele na kutoka. Mbele ya sanduku pachika nati ya M5 ya chuma kisichoshika kutu, imelala digrii 45; bolti yake itakandamiza ile kona iliyokatwa chini na nyuma. Tundu la nati lijaze grisi kabla ya kugandisha. Chimba povu, hakikisha mkiani pana unene wa mm 40 au zaidi, na uzike sanduku kwa epoksi iliyokorogwa na unga laini wa mbao mpaka iwe kama siagi ya karanga. Mwisho tabaka mbili za kitambaa juu ya mdomo.

Kuhusu kupinda: George Greenough wa California alilifanyia kazi miaka ya 1960. Alichukua umbo la pezi la jodari, shina pana, juu jembamba, ncha inayolala na kurudi ubao unapotoka kwenye kona. Hilo ni la faiba tupu, na linafaa zaidi kama pezi moja la katikati. Yale ya pembeni kwenye mpangilio wa matatu, alioutoa Simon Anderson wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, yawe magumu shinani, kupinda kuwe theluthi ya juu tu.

Badilisha kitu kimoja kila unapoingia majini. Na usipime kupinda kwa vidole: bana shina kwenye jiliwa pezi likiwa limelala, ning'iniza chupa ya lita 1 iliyojaa maji kwenye ncha, pima ncha imeshuka mm ngapi, uandike kwa penseli kwenye ulimi.