"Unruly" linatumikaje? Naomba ushauri

Mleta uzi: Wakuu, natafsiri ripoti ya nidhamu ya shule kwenda Kiingereza. Kuna "wanafunzi walifanya fujo", "mtoto mtukutu" na "walishangilia kwa kelele". Naweza kuweka "unruly" kote? Na "the students behaved unruly" ni sahihi?

Kalamu Nyekundu: Hapana kwa yote mawili. "Unruly" ni kivumishi. Hiyo -ly ya mwisho huwapoteza wengi wakadhani ni kielezi. Limejengwa juu ya "rule", kutawala, yaani asiyetawalika. Linakaa kabla ya nomino ("an unruly class") au baada ya "be" na "become". Kwa hiyo andika "the students became unruly". Ukiing'ang'ania "behaved", itabidi uzunguke: "behaved in an unruly manner". Nomino ni "unruliness", y inageuka i, na haihesabiki. Tukio moja ni "an incident of unruly behaviour".

Msomakamusi: Kwa mtoto mtukutu linafaa. Kwa waliokuwa wakishangilia utawaonea bure, hao ni "boisterous": kelele za furaha, hakuna kosa. "Rowdy" ni kelele zenye vurugu, hasa za kundi. "Unruly" halihitaji kelele hata kidogo. Darasa likinyanyuka kimyakimya na kutoka bila ruhusa ni "unruly", si "rowdy". Ndiyo maana Waingereza husema "unruly hair", nywele zisizolala hata zichanwe vipi. Angalia pia kwamba neno hili linahukumu: linadokeza kuna aliyepaswa kudhibiti na hakutiiwa. Kama ripoti haisemi hivyo, eleza tu kilichotendeka.

Rubani wa Maneno: Nyongeza kwa watafsiri wa mambo ya anga: "unruly passenger" ni istilahi rasmi, msiibadilishe kuwa "rowdy". Ina madaraja manne, kuanzia ubishi wa maneno hadi kujaribu kuingia chumba cha rubani. Ukiirudisha kwa Kiswahili, "abiria mkorofi" inatosha. "Mtukutu" itachekesha, huyo ni mtoto.

Mleta uzi: Asanteni. Na "obstreperous"? Kamusi imelipanga humohumo.

Msomakamusi: Kelele pamoja na ukaidi. Mzizi wake ni "strepere" ya Kilatini, kupiga kelele. Ni zito, na mara nyingi hutumika kwa utani. Kwenye ripoti ya shule liache.

Kalamu Nyekundu: Na ile "walifanya fujo", kama kuna madirisha yaliyovunjwa, "unruly" ni laini mno. Andika "rioted" au taja uharibifu wenyewe.