Gazeti la kwanza la Kiswahili: tuipe Msimulizi cheo hicho?

Mkwezi: Wakuu, kila mtu ananukuu kwamba gazeti la kwanza la Kiswahili ni Msimulizi, lililotoka 1888 pale Kiungani, Unguja, kwa Wamisionari wa UMCA, wale Waanglikana wa Uingereza. Kwangu mimi lile ni jarida la shule. Nani angelisoma nje ya misheni? Watu wenyewe walikuwa hawajui kusoma.

BintiMvita: Hapo mwisho hebu rudia. Hawajui kusoma nani? Babu yangu alikuwa na daftari la biashara ya nazi, herufi za Kiarabu, kila deni na tarehe yake. Ofisini wakamwambia atie dole gumba, eti hajui kuandika. Leo nawe unamtilisha dole la pili.

Mkwezi: Dada, punguza povu. Nilimaanisha herufi za Kizungu.

BintiMvita: Ungesema hivyo basi.

MzeeTanga: Rudini kwenye mada. Mimi najua la kwanza ni Kiongozi, la huku kwetu.

KalamuKavu: Kiongozi ni la Wajerumani, karne ya 20 imeshaingia. Hata Habari za Mwezi la Magila, miaka ya 1890, lilitangulia. Na Magila ni hapo hapo kwenu.

MzeeTanga: Shikamoo hunipi, kosa langu umeliona.

KalamuKavu: Shikamoo mzee. Ila Mkwezi, "jarida la shule" umelidharau. Kiungani walisoma vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, ndugu hawawajui walipo. Wakimaliza wanatawanywa, huyu Magila, yule Masasi. Mtu kama huyo akisoma mwenzake kafika salama, au kafa, hiyo si habari?

BintiMvita: Kama ni habari tu, Muyaka, mshairi wa Mombasa, alishafanya kazi hiyo kabla ya 1840. Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, anaivizia Mombasa, yeye anamjibu kwa mashairi, mji mzima unajua.

Mkwezi: Shairi si gazeti! Halina toleo, halina mhariri.

BintiMvita: Na gazeti lako lina wasomaji? Si umesema hawakuwepo?

MtuWaNgambo: Huyo Muyaka aliyetutukana sisi Waunguja ndiyo mnamfanya mhariri?

BintiMvita: Mji mliuchukua, maneno yake je?

MtuWaNgambo: Kiswahili cha vitabuni ni cha wapi, dada? Jibu hilo kwanza.

BintiMvita: Haya, sasa umenigusa. Ngoja niweke chai.