Mwenye kasi kuliko wote haji mazoezi ya kijiti. Nimwache nje?

Mwl_wa_Kiwanja:
Habari za jioni wadau. Nafundisha sekondari moja ya kata huku Singida, na riadha nasimamia mimi. Sasa hivi naandaa wasichana wa mita 100 kupokezana, wanne wakipeana kijiti, kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya. Kiwanja chetu ni vumbi, mistari tunachora kwa majivu, kijiti ni kipande cha bomba la maji. Hayo hayanisumbui.

Kinachonisumbua ni binti mmoja wa kidato cha tatu. Ana kasi ambayo sijaiona shuleni kwetu, hata wavulana wengi anawaacha. Siku za kukimbia peke yake anawahi kufika. Siku za kupokezana haonekani, au anakuja anakaa chini ya mwembe. Nikimuuliza ananijibu, "Mwalimu, kijiti si kinashikwa tu?"

Wenzake watatu wameshazoeana vizuri sana. Na yupo wa akiba, mfupi, mbio zake za kawaida, ambaye hakosi mazoezi na jioni ndiye anayebaki kuchora alama upya. Wale watatu wameniambia waziwazi wanamtaka huyo. Walimu wenzangu nao wanasema nikimwacha mwenye kasi nimeitupa medali. Ninyi mngefanyaje?

Pekupeku:
Mwalimu, mpange akimbie wa kwanza. Hapo hapokei, anatoa tu. Kwisha kazi.

Kocha_Mstaafu:
Mwalimu, hongera kwa kazi. Ndugu yangu Pekupeku, hapo sikubaliani nawe. Anayetoa ndiye mwenye macho. Mpokeaji anaondoka pale mwenzake anapokanyaga alama, haangalii nyuma, anatoa mkono akisikia sauti. Kama hamjui anayekuja, ama ataondoka mapema amkimbie, ama atachelewa wavaane. Alama ile inapimwa kwa nyayo, na haipatikani ila kwa kurudia na mtu yuleyule. Wa kwanza anashika mkono wa kulia, wa pili anapokea kwa kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Ukiingiza mtu mmoja asiyezoea, umewaharibia wawili.

Tazama Olimpiki ya Rio 2016. Wajapani walichukua medali ya fedha kwa sekunde 37.60 nyuma ya Jamaika, na wakati ule hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa ameshuka chini ya sekunde 10 kwenye mita 100. Walikuwa wanapokezana kwa mkono wa chini, yaani kijiti kinatolewa kutoka chini kwenda juu, kitu walichokifanyia kazi miaka mingi. Marekani walikuwa na Gatlin na Gay, wakimbiaji wenye kasi kubwa, wakaondolewa kwa sababu kijiti kiliguswa nje ya eneo la kupokezana. Na Beijing 2008, timu zao zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, ziliangusha kijiti kwenye mchujo. Wale si watu wa kukosa mbio!

Ushauri wangu: chukua saa, usimpime mkimbiaji, pima kijiti. Anza kuhesabu kinapoingia eneo la mita 30, simamisha kinapotoka. Pima akiwamo yeye, kisha pima akiwamo wa akiba. Fanya mbele ya wote, wala usiseme neno.

MamaWawili:
Kocha, shikamoo. Saa ni sawa, ila "mbele ya wote" naomba mwalimu asifanye. Nimefundisha wasichana wa umri huo. Mtoto amesifiwa mbio tangu shule ya msingi, na pengine kijiti ndicho kitu cha kwanza uwanjani asichokiweza. Huenda anakaa chini ya mwembe asionekane hajui. Mwiteni pembeni na mwenzake mmoja tu, yule anayempa au anayepokea kwake, wajifunze wawili kwa mwendo wa taratibu kabla ya kukimbia.

Na huyo wa akiba msimfanye fimbo ya kumchapia mwenzake. Kama anastahili nafasi, apewe kwa haki yake.

Kocha_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hilo la pembeni nakubali.

Mwl_wa_Kiwanja:
Nimewasoma wote, asanteni sana. Jana nilimpa binti saa aishike mwenyewe, awapime wenzake wakiwa na wa akiba. Alikaa kimya akitazama namba, kisha akaomba ajaribu. Mara ya kwanza mpokeaji alichelewa kuondoka, wakavaana, bomba likaruka mbali. Hakurudi kwenye mwembe. Walibaki wawili wakitembea na kijiti mpaka giza likaingia.

Kuhusu nafasi, nimewaambia wote watano kwamba nitapanga timu kwa muda wa kijiti, na kama mwenye kasi hajafikia, atakuwa akiba. Amekubali, ingawa uso haukuwa wa furaha. Wa akiba naye ameomba nimpime kwenye kona, nafasi ya tatu. Ana hoja: kona anaikimbia bila kutoka kwenye mstari wake, kuliko yule niliyempanga hapo. Kesho nitampima.

Kocha, jambo moja: alama za majivu zinapeperushwa na upepo wa mchana. Ninyi mlikuwa mnafanyaje?

Kocha_Mstaafu:
Lowesha mstari kwa maji kidogo kwanza, ndipo umwage majivu. Na kila mtoto ajue idadi ya nyayo zake kwa kichwa, upepo ukifuta ahesabu upya mwenyewe.